Waliomtoa Lushinge kwenye Mkanda

Sogeeni karibu mnisikilize vizuri, maana mwisho wa habari hii sinao mimi. Nitawaachia ninyi.

Katika mji mmoja wa wafugaji na wakulima wa pamba walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Limbu alikuwa mchukuzi sokoni. Alikuwa na nguvu za kubeba gunia la mahindi begani huku akipiga soga njia nzima. Kabula alikuwa fundi cherehani mwenye mikono myepesi. Hujamaliza kumweleza unachotaka, mkasi wake umeshapita kwenye kitambaa. Mama Shija alikuwa mkunga, na kipawa chake kilikuwa utulivu. Damu ilipowafanya wengine wapige kelele, yeye alikunja mikono ya gauni na kuuliza kanga iko wapi.

Wa nne alikuwa Lushinge, mwenye ng'ombe wengi na adabu kidogo. Dukani alipenyeza kiwiko mbele ya uso wa aliyemtangulia. Zahanati alimwinua mgonjwa kwenye benchi akakaa yeye. Kisimani ng'ombe wake walikunywa kwanza, na aliyelalamika alichapwa fimbo. Mwaka uliotangulia kijana mmoja alimwomba arudi nyuma ya foleni. Lushinge alimpiga fimbo ya uso, jicho likapasuka. Kijana huyo alikuwa mtoto wa Mama Shija. Kesi ilizungushwa mpaka watu wakachoka kuiulizia.

Sasa, asubuhi moja watu walijaa kwenye mashine ya kusaga. Foleni ya ndoo na viroba ilitoka mlangoni ikazunguka ukuta. Lushinge akafika na gunia lake, akaiegesha pikipiki katikati ya mlango, akaingia. Zamu ilikuwa ya Mama Shija. Lushinge aliisukuma ndoo yake kwa mguu, mahindi yakamwagika kwenye vumbi.

"Baba, kuna foleni," Kabula alisema.

"Foleni ni yenu ninyi watu wa ndoo."

"Sisi sote tunakwenda kupika. Rudi nyuma, na umwokotee mama mahindi yake."

Lushinge alimpiga kofi, Kabula akajigonga ukutani na mdomo ukachanika. Limbu aliyekuwa amebeba gunia la mtu alilitua.

"Mzee, usimpige tena huyo dada."

Lushinge akageuka na fimbo, akamtandika Limbu kichwani. Damu ikamshuka mpaka kwenye kidevu. Limbu akaikamata fimbo, akaivunja, akatupa vipande nje. Hapo Lushinge akachomoa kisu kiunoni. Watu wakakimbia wakikanyaga viroba, na msagaji mwenyewe akaruka dirishani. Injini ikabaki ikinguruma, na kati ya waliobaki ndani hakuna aliyejua kuizima.

Kisu kilimwingia Limbu kwenye paja. Naye, badala ya kurudi nyuma, alimpiga Lushinge ngumi ya kifua kwa nguvu zake zote. Lushinge akayumba kinyumenyume mpaka kwenye mkanda mpana unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kinu. Mkanda ukalidaka koti lake, ukalivuta, na mkono ukafuata. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Mwanamume yule aliyetisha mji mzima akaanza kumwita mama yake.

Watatu wale walisimama wakimtazama. Nadhani hata ninyi mngesimama kwanza.

Limbu ndiye aliyeanza. Damu ikimtoka pajani, alimkumbatia Lushinge kiunoni, akaweka mguu kwenye nguzo na kuvuta kinyume cha injini. Injini ilikohoa, haikuzima. Kidonda cha paja kilipanuka, msuli ukakatika, lakini hakuachia. Angeachia, kichwa cha Lushinge kingeingia kwenye gurudumu la chuma linalozungusha mkanda. Tangu siku ile Limbu anachechemea, na mizigo hawezi tena.

Lakini kuvuta peke yake hakukutosha, kwa kuwa koti lilikuwa limejisokota kwenye mkanda. Kabula alitoa mkasi kwenye kikapu chake, akaingiza mkono pale ambapo mtu mwenye akili asingeingiza mkono, akakata. Alikata kola, akakata bega, akamalizia na kwapa. Koti likaenda na mkanda, likaenda pia na vidole viwili vya mkono wa kulia wa Kabula. Limbu na Lushinge wakaanguka chini pamoja.

Hata hivyo Lushinge alikuwa anakufa. Mkono ulikuwa umechanika juu ya kiwiko, na damu iliruka kwa kila pigo la moyo. Mama Shija alimsimamia. Lushinge akamtambua, akafumba macho.

"Niache basi," akasema. "Najua huna sababu."

"Sina," Mama Shija alijibu.

Kisha akachana kanga aliyovaa, akafunga mkono juu ya jeraha, akaingiza ngumi kwapani na kukandamiza. Alikandamiza njia nzima mpaka hospitali wakiwa kwenye tela la trekta, akimtazama usoni. Daktari alisema kama ngumi ile ingelegea, wangeleta maiti.

Lushinge alipona. Mkono alikatwa. Siku alipotoka hospitali aliwaita watatu wale mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akaleta ng'ombe mmoja mwenye maziwa mengi.

"Huyu ni wa aliyeniokoa," alisema. "Hagawanyiki wala hauzwi. Aliyeniokoa amchukue."

Hata akiwa na mkono mmoja, jamani, Lushinge alijua kuwasukuma watu.

"Mimi ndiye niliyemshika asiingie kwenye chuma," Limbu alisema. "Nina watoto, na kazi sina tena."

"Na ndiwe uliyempiga akaenda kwenye mkanda," Kabula alimjibu. "Mimi sikumgusa hata kwa kidole. Sasa vidole vyenyewe sina, na cherehani imefunikwa."

Limbu akamgeukia. "Nilipiga kwa sababu yako, dada. Umesahau?"

Mama Shija alikuwa ameketi pembeni. "Ninyi mlitoa miili yenu, sikatai," alisema. "Lakini ninyi alikuwa amewakosea kwa asubuhi moja. Mimi nikirudi nyumbani, jicho la mwanangu linaniuliza kila siku kwa nini nilifunga ile kanga."

Mwenyekiti aliwatazama mmoja mmoja, akavua kofia, akaivaa tena. Nje ng'ombe alikuwa akilia, kiwele kimejaa, na hakuna aliyethubutu kumkamua. Tangu siku hiyo watatu wale, waliosimama bega kwa bega mbele ya kisu, wakikutana sokoni hawasalimiani.

Mimi nimefika hapo, na siwezi kwenda mbele zaidi. Aliyevuta, aliyekata, na aliyekandamiza: ondoa mmoja wao, na Lushinge yuko kaburini. Wewe uliyekaa hapo, na wewe unayetikisa kichwa, kama kamba ya ng'ombe yule ingewekwa mkononi mwako leo, ungemkabidhi nani?