Zimwi Lililongoja Mengineyo

Hadithi imebisha hodi, jamani, iitikieni. Haya, imeshaingia.

Zamani kila mtu aliishi na pango lake na moto wake, na hapana aliyemwuliza mwenzake kaamkaje. Zimwi lilineemeka. Ulimi wake ulirefuka kama kamba, ukaingia mapangoni na kuvuta watu mmoja mmoja. Siku moja ukamzunguka kiuno Mbodze. Mama huyo aliogopa mpaka meno yakagongana, ila mdomo wake haukujua kunyamaza.

"Subiri, babu," akasema. "Huwezi kunila hivi hivi kama mhogo wa kuokota. Acha tukae kikao kwanza, tukubaliane."

Zimwi halikuwahi kusikia kitu kiitwacho kikao. Likaona limeheshimiwa, likamwachia. Mbodze akapiga yowe, watu wakatoka mapangoni.

Siku ya kwanza walibishana nani awe mwenyekiti. Siku ya pili walibishana nani alinde na nani apike. Siku ya tatu walikuwa na mwenyekiti, walinzi, wapishi na mtu wa kunyamazisha watoto, na zimwi limekonda, limenyoosha kidole kuomba nafasi.

"Na mimi je? Nilikuja kula."

"Jambo lako lipo, babu," Mbodze akalijibu kwa upole. "Tumeliweka kwenye mengineyo."

Zimwi likaketi kungoja. Wajukuu zangu, kikao kile ndicho kilichozaa miji na serikali zote mnazoziona, na mpaka leo hatujafika kwenye mengineyo.