Chupa ya Philemoni na Jani la Isale

Habari hii niliipata kwa Evaresta, jirani yangu hapa Lemara, masika yaliyopita, tulipokuwa tukichambua maharage barazani kwake. Aliisimulia polepole, kama mtu anayefungua fundo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema waliotutangulia. Maana yake ni kwamba jambo jema likiahirishwa mno, humgeukia yule yule aliyeliahirisha.

Mumewe, Philemoni, alikuwa mhudumu wa vinywaji katika hoteli ya watalii mjini Arusha. Kwa miaka ishirini na miwili alimimina mvinyo wa watu, akaujua kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake. Baba yake alipofariki huko Poli, kwenye miteremko ya Meru, hoteli ilikuwa imefurika wageni, naye akafika kaburi limekwisha kufukiwa. Kaka yake, Abdiel, akamwambia mbele ya ukoo, "Umezoea kumimina vya wenzio, mdogo wangu. Siku utakayomimina chako, njoo, nami nitakunywa."

Watu wakacheka, kile kicheko kifupi cha msibani. Neno lile lilimkaa Philemoni kama mwiba unyayoni. Hakukanyaga tena Poli, ingawa ni mwendo usiotimia saa moja.

Baadaye hoteli ilifungwa na vitu vyake vikauzwa. Ghalani zilibaki chupa mbili za mvinyo mwekundu wa Burgundi, kule Ufaransa. Meneja alimruhusu aonje moja kabla ya kuamua kama atainunua ya pili. Philemoni aliinua ile ya pili dirishani, akatazama kama mvinyo umefika shingoni, akapapasa kizibo kuona kama kinavuja. Kisha akaonja ile iliyofunguliwa. Ulikaza ulimi kama ganda la ndizi mbichi.

Meneja alimshauri aachane nao. Yeye akazungusha glasi, akanusa, akangoja kidogo, akaonja tena. Chini ya ule ukali alikuta utamu uliojificha, kama ndizi iliyokatwa imekomaa lakini haijawekwa darini kuiva. Mvinyo usio na kitu ndani ukiwekwa huchacha tu. Huu ulikuwa na kitu. Akakadiria miaka minane. Akatoa bei ya mbuzi wawili, akaipakata chupa hadi nyumbani kama mtoto mchanga.

Evaresta alipoambiwa kwamba hicho ndicho kinywaji cha kupatana na Abdiel, alifurahi, akataka waende Jumapili ileile.

"Bado haujaiva," Philemoni alimwambia. "Nikimpelekea ukali huu atasema hata changu sijui kukimimina."

Akachimba shimo stoo, akalijengea mawe pembeni, akatandika magome mabichi ya mgomba yenye ubaridi, akailaza chupa ili kizibo kisikauke. Magome yakikauka aliyabadilisha. Evaresta aliniambia kwamba wakati mwingine alimkuta amechuchumaa pale, haguswi na lolote, kama mtu anayelinda mgonjwa.

Mwaka wa tano, Agnela, binti wa Abdiel, alibisha hodi. Baada ya shikamoo alikunjua kitambaa, akatoa jani la isale lililopigwa fundo. Kwa Wameru jani hilo ndilo ombi la msamaha, na anayeletewa halikatai, hata awe amekosewa vipi. Na safari hii mkubwa ndiye aliyemwomba mdogo.

"Baba mdogo, baba anasema alikosea msibani," Agnela alisema. "Anasema uje mnywe hata maji. Miguu imeanza kumvimba."

Philemoni alilipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Alisema amekwisha kusamehe, na kwamba atakuja, ila si mikono mitupu. Kaka yake amvumilie miaka mitatu.

"Miaka, baba mdogo?"

Agnela alipoondoka, Evaresta alimsihi sana mumewe. Alimwambia kuwa mgonjwa hangoji kizibo. Philemoni akasema ameshangoja mitano, hawezi kuiharibu kwa mitatu. Akalilaza jani shimoni, juu ya chupa.

Miaka minane ilikuwa imebakiza wiki tano kutimia, Agnela akapiga simu. Abdiel alikuwa amefariki alfajiri.

Safari hii Philemoni aliwahi. Alikuwa wa kwanza kushika koleo.

Waliporudi Lemara jua lilikuwa halijazama. Hata koti hakuvua; alikwenda moja kwa moja shimoni. Jani lilikuwa limekauka, likamvunjikia vidoleni. Akafungua chupa, akamimina glasi moja, akaonja yeye kwanza, maana kwao anayekaribisha huonja kwanza kuonyesha kwamba ndani hakuna ubaya. Kisha akainyoosha ile glasi kuelekea kiti kitupu kilichokuwa mbele yake, akakaa hivyo mpaka mkono ukachoka. Evaresta akaipokea ili isianguke.

"Umeharibika?" aliuliza.

"Hapana. Umeiva. Sikukosea hata mwaka."

Alisinzia palepale kitini, viatu vikiwa bado na udongo wa Poli. Evaresta alimfunika kitenge, akaokota vipande vya jani sakafuni, akavifunga katika leso. Akajilaza kwenye mkeka karibu na miguu ya mumewe, na usingizi ukamchukua leso ikiwa mkononi. Kweli, ngoja ngoja huumiza matumbo.