Viungo vya Bi Moshi

Paukwa!

Pakawa.

Mnaitika kama mmelala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, si kale ya majitu, ni kale ya garimoshi, palikuwa na kijiji kando ya reli. Reli ikafa. Majani yakaota juu yake. Kikabaki kichwa kimoja cha treni, cheusi, kikubwa, ambacho watu walikiita Bi Moshi.

Chuku-chuku, chuku-chuku, puuu! Ndivyo alivyolia enzi zake. Sasa kimya.

Kijijini alikuwako Mzee Mghanga. Ujana wake wote alimlisha Bi Moshi makaa, na dereva alikuwa rafiki yake, Shako. Shako alipokuwa anakata roho alimshika mkono, akamwambia, "Mghanga, usiache wamtupe." Mzee akasema, "Sitaacha." Basi kila asubuhi akamfuta kutu, akampaka mafuta. Watu walimcheka, lakini walimpenda, maana ndiye aliyewaamulia ugomvi wao, na hakuna aliyetoka kwake na kinyongo.

Siku moja zikaja habari: wakata vyuma wako njiani, wanatafuta shaba. Mzee akawaita watu.

"Wakimkuta mzima watamchukua," akasema. "Kila nyumba ichukue kiungo kimoja, ikifiche. Hatari ikipita, mnirudishie."

"Tutarudisha, Mzee," wakasema wote.

Kokoro-kokoro, ngo-ngo-ngo, wakamfungua. Huyu taa. Yule kengele. Huyu bomba. Yule mlango wa tanuri. Wakata vyuma walipofika walikuta gamba tupu, zito, halina shaba. Wakatukana, wakaenda zao. Watu wakapiga vigelegele.

Ninyi msipige bado.

Mvua zikapita, zikapita na nyingine. Ndipo watu wa makumbusho ya reli wakaleta ujumbe: "Tunamtaka Bi Moshi. Tutamjengea banda, tutamtunza, watoto waje wamwone. Ila awe mzima. Akiwa gamba, hatuna la kufanya." Mzee alilia kwa furaha. Akachukua mkongojo, akaenda nyumba kwa nyumba.

Hodi, hodi. Kwa Bi Wakesho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Nimefuata mlango wa tanuri."

"Ndio huu ninaochomea mikate. Niachie kidogo, nitafute kikaango."

"Haya, mama."

Hodi, hodi. Kwa Mwadime.

"Nimefuata bomba, baba."

"Mzee wangu, ndilo linaloleta maji shambani. Nikiling'oa leo mboga zinakauka. Ngoja nivune."

"Haya, baba."

Hodi, hodi. Kwa Mkala, mhunzi.

"Nimefuata vile vyuma vya magurudumu."

Mkala akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mzee. Nimevifua majembe. Watu hawakuwa na majembe."

Mzee akageuka na mkongojo wake, akatoka. Safari hii hakusema "haya, baba".

Kijiji kizima hakuna aliyemkatalia. Wote walimpa shikamoo, wote walimpa kiti, wengine walimpa na chai. Chuma hawakumpa.

Watu wa makumbusho wakaja, wakamzunguka Bi Moshi. Kiongozi wao, mama mmoja mpole, akasema, "Pole, Mzee wetu. Hapa hatuna cha kuokoa." Wakaondoka. Wakata vyuma waliposikia kwamba makumbusho wamemwacha, wakarudi na lori kubwa, safari hii wakitaka chuma chenyewe. Tsss, tsss, wakalikata gamba mchana kweupe. Mzee alikaa kwenye kokoto za reli akitazama.

Bi Wakesho akaja mbio, mlango wa tanuri kichwani, anahema. "Nimeuleta, Mzee."

Mzee akautazama. "Wa nini sasa, mama? Nenda nao ukachome mikate."

Bi Wakesho akaangua kilio. "Tumekuibia."

"Hakuna aliyeniibia. Mimi ndiye niliyesema chukueni. Shako aliniambia nisiache, nami nimemgawa Bi Moshi kwa mkono wangu."

Kuanzia siku ile hakumtembelea mtu. Masika yaliyofuata hakuyamaliza, wakamzika.

Basi nawe, ukipewa kitu ukitunze, kirudishe siku ile ile unayoulizwa. Ukingoja, mwenyewe atakuwa hana tena pa kukiweka, na machozi yako hayatamfaa kitu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Msiniombe niimalizie vizuri, maana haikuisha vizuri.