Aliyeanguka na Aliyekuwa Nyuma Yake

Mtu mmoja alikabidhiwa timu ya raga katika mji ambao kiwanda chake cha sukari kilikuwa kimefungwa. Jina lake Ambetsa. Aliikuta timu imezoea kushindwa, na aliukuta mji umenyamaza kama nyumba iliyofiwa. Wanaume waliokuwa wakikata miwa walishinda vibarazani wakitazama barabara isiyoleta lori. Kilichobaki cha kuwatoa watu majumbani ni raga ya Jumamosi, na katika raga hiyo kilichobaki ni mtu mmoja, Muchelule.

Muchelule alikuwa na mbio. Akiushika mpira, waliokaa walisimama, na waliosimama walipanda juu ya mawe. Akina mama waliouza njugu ukingoni mwa uwanja waliviacha vikapu vyao wazi. Alikuwa na mdogo wake, Litunya, aliyecheza naye katika timu ileile, lakini jina la Litunya halikuimbwa na mtu. Yeye alikuwa mzito wa miguu, mpana wa mabega, na kazi yake ilikuwa kufika. Popote mwenzake alipoangushwa, Litunya alifika.

Asiyeujua mchezo huu na ajue jambo moja tu. Katika raga, mtu akiangushwa akiwa na mpira mkononi, sharti auachie. Haruhusiwi kuukumbatia pale chini. Kinachomwokoa ni mwenzake aliye karibu kuja upesi, kusimama juu yake, mguu huku na mguu huku, na kuwazuia wapinzani kwa kifua mpaka mpira utoke na aliyeanguka ainuke. Asipokuja mtu, mpira hunyang'anywa, na aliyelala hukanyagwa.

Ambetsa alipoanza mazoezi, wachezaji walidhani macho yake yana kasoro. Mpira ulipokwenda kulia, yeye alitazama kushoto. Mtu alipokata mbuga nao hadi mwisho wa uwanja, Ambetsa hakumsindikiza kwa macho. Alibaki akipatazama pale mpira ulipotoka, pale ambapo mtu alikuwa bado yuko chini, aone nani atamjia. Alifanya hivyo siku nyingi bila kumweleza mtu. Siku ya kuchagua ilipofika aliwakusanya, akataja majina ya watakaoanza. Jina la Muchelule halikuwamo.

Wote walidhani amesahau. Hata Muchelule mwenyewe alitabasamu, akangoja. Ndipo Ambetsa akasema, "Katika mchezo huu kila mtu huanguka. Mimi nimechagua wanaorudi."

Muchelule akavua viatu vyake palepale, akavifunga kamba, akavitundika begani, akaenda zake. Litunya alisimama katikati ya uwanja, hajui amfuate kaka yake au abaki na timu. Alibaki, lakini siku ile hakuangusha mtu wala hakuinua mtu.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa kocha. Alikataa kiti.

"Kocha, kaka hana roho mbaya," alisema. "Tangu tukiwa wadogo anasifiwa kwa kukimbia. Akitangulia, watu wanapiga makofi. Hakuna aliyewahi kumwita arudi. Mfundishe, usimtupe."

"Sijamtupa," Ambetsa akamjibu. "Mwambie aje mazoezini. Siku atakayojua kurudi, atatangulia wote."

Muchelule akaja. Mwanzo alikuja kwa hasira, ili aonyeshe mbio zake na kuwaaibisha waliochaguliwa. Ambetsa hakumkemea. Kila mchezaji alipoanguka, alimwita tu kwa jina, "Muchelule," kwa sauti ya mtu anayemwita mwanawe kula. Muchelule alijifanya hasikii. Kisha alasiri moja, mvua ikinyesha, mwenzake aliteleza akaangushwa, na Muchelule, ambaye miguu yake ilikuwa tayari imeanza safari, akasita. Akageuka. Akarudi. Alichelewa, na alisimama vibaya, hata akamwangukia mwenzake yuleyule wa kukingwa. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Ambetsa hakucheka. Alijisemea moyoni kwamba mbegu imeota, na akaomba apewe msimu mmoja tu.

Hakupewa. Timu ilishindwa mechi ya kwanza kwa pointi chache, na ya pili ikatoka sare. Mwenye macho angeona kwamba wale vijana walikuwa wameanza kucheza kama waliozaliwa tumbo moja, na kwamba hakuna aliyelala chini peke yake. Lakini mji ulikuwa na njaa ya furaha, na mwenye njaa hangoji mahindi yakauke. Watu wakaanza kuzomea. Watoto walimtungia Ambetsa wimbo, wakamwimbia kila alipopita. Kinyozi alimnyoa bila kumsemesha. Mke wake alirudi kutoka sokoni na kikapu nusu, akasema wenzake wamempa mgongo. Ambetsa alikuwa mtu mgumu, lakini hata mtu mgumu hutamani kusalimiwa.

Ndipo mwenyekiti wa timu, Bwana Wamukoya, alipomtembelea, akiandamana na wazee wawili. Walikunywa chai, wakaisifu chai, wakauliza habari za watoto. Kisha Wamukoya akaweka kikombe chini.

"Kocha, sisi hatukatai mafunzo yako," alisema. "Lakini watu hawaji uwanjani kuona watu wakiinuana. Wanakuja kumwona mtu akikimbia. Jumamosi tunacheza na majirani zetu. Mrudishe Muchelule, la sivyo tutamtafuta mwingine wa kumrudisha."

Ambetsa alikuwa na la kujibu, na lilikuwa limeshafika mdomoni. Angeweza kusema kwamba kijana hajaiva. Angeweza kusema kwamba kila mtu katika mji huu, mpaka mtoto anayechezea mpira wa matambara, anajua kuwa Muchelule hajawahi kumrudia aliyeanguka, na kwamba anayecheza mbele yake hucheza bila mtu nyuma. Lakini alivitazama vile vikombe, akamtazama mke wake aliyesimama mlangoni, akasema, "Basi. Jumamosi hii moja tu."

Ili kumpatia nafasi ilibidi atolewe mtu, na Ambetsa akamtoa fundi mmoja wa baiskeli, ambaye hakuwahi kukosa kumfikia mwenzake. Yule fundi akasema, "Sawa, kocha," akaenda kukaa benchi. Ambetsa hakuweza kumtazama usoni.

Jumamosi uwanja ulijaa kuliko siku za kiwanda. Mama Rasoa, aliyewazaa wale ndugu wawili, aliketi mbele kabisa na leso yake ya kanisani kichwani, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza msimu ule wanawe kucheza pamoja. Muchelule alipopata mpira wa kwanza, aliwapita wapinzani kama maji yapitavyo kati ya mawe, akafunga kwa kuuweka chini nyuma ya mstari wao. Mji ukalipuka. Watu waliokuwa wameacha kusalimiana tangu kiwanda kifungwe walikumbatiana. Wamukoya alirusha kofia yake hewani. Na Ambetsa alipiga makofi. Jambo hili ndilo lililokuja kumuuma zaidi ya mengine yote, kwamba alipiga makofi, na kwamba watu walipomgeukia wakiita jina lake kwa upendo, aliona tamu.

Katika kipindi cha pili mpira ulimfikia Litunya. Haikuwa kawaida yake kuubeba. Alisonga nao mbele kama ng'ombe avutaye jembe, mpaka watu wawili wakamshika, wakamwangusha. Aliyekuwa nyuma yake, hatua chache tu, alikuwa kaka yake.

Muchelule alikuja mbio, moja kwa moja, kichwa chini, kama alivyokuwa akifundishwa. Ambetsa alisimama, na roho yake yote ikawa katika ile miguu. Lakini upande wa kushoto palikuwa wazi. Hapakuwa na mtu kati ya mahali pale na mstari. Watu walipaona, wakapiga kelele, ukingo mzima kwa sauti moja: "Pembeni! Pembeni, Muchelule!" Naye akainua kichwa. Akamkwepa ndugu yake aliyelala, akaenda pembeni, akafungua mikono, akauita mpira.

Litunya hakuuachia. Wapinzani wakaja kwa nguvu zote, na kwa kuwa hapakuwa na kifua cha kuwazuia, walimwangukia, mmoja juu ya mwingine. Filimbi ikalia. Wakainuka mmoja mmoja, wakijipangusa nyasi, na aliyekuwa chini yao wote hakuinuka. Kelele zilikatika upande mmoja wa uwanja, kisha upande wa pili. Muchelule alikuwa bado amefungua mikono.

Daktari alisema shingo imevunjika, na kwamba kuanzia mabegani kwenda chini hakuna kitakachosogea tena. Timu ilikuwa imeshinda. Mjini, ambako uzito wa jambo lile ulikuwa bado haujafika, ngoma za isukuti zililia mpaka jua likazama.

Ambetsa alipofika hospitalini alimkuta Muchelule amekaa sakafuni kwenye ujia, nje ya mlango wa wodi, na jezi yake ya tope. Alikuwa amekataa kuingia. Ndani, Mama Rasoa alikuwa akimpangusa Litunya uso kwa ile leso ya kanisani. Ambetsa alipiga magoti kando ya kitanda. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno ya kuomba radhi, lakini Litunya akamtangulia.

"Kocha, usimkasirikie kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Kosa ni langu, nilichelewa kuuachia mpira. Nilisikia hatua zake nyuma yangu, nikajua nimefikiwa."

Mlango ulikuwa wazi. Muchelule alisikia kila neno.

Tangu siku ile hakugusa mpira tena. Ambetsa naye aliiacha timu, na Wamukoya alipomfuata kumsihi, akisema watu sasa wanamtaka, hakumfungulia mlango. Muchelule alimpeleka ndugu yake nyumbani. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza ubavu huu na ubavu ule, mchana na usiku, ngozi isije ikaoza. Asubuhi alimbeba mikononi akamtoa nje apate jua, na waliopita njiani waligeuza nyuso. Litunya, hata alipokonda akabaki macho na meno, alimtania kaka yake apate kumchekesha. Hakuweza. Wakati mwingine Muchelule aliamka kutoka usingizini amekurupuka, akakimbilia kitanda cha ndugu yake, na kumkuta amelala salama. Mvua za masika zilipoanza, kifua kilimbana Litunya, na baada ya siku chache akafa mikononi mwa kaka yake huyohuyo.

Mji wote ulikuja mazishini. Wamukoya alizungumza kwa kirefu juu ya ushujaa wa marehemu. Wengine walisema ajali haina kinga, na wengine walisema Mungu amechukua kilicho chake. Muchelule alipoitwa, alitikisa kichwa tu, akaendelea kushikilia jeneza kwa mikono miwili. Ndipo wakamwita Ambetsa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kocha. Alisimama upande wa pili wa kaburi, akawaelekea Mama Rasoa na watu wote, nao wakangoja hotuba.

"Nilijua," alisema.

Akarudi mahali pake. Watu walitazamana. Wamukoya alikohoa, akamwita mwingine upesi. Lakini Mama Rasoa alikuwa ameelewa. Hakupiga kelele wala hakumlaani. Alimtazama yule mtu kwa muda, kisha akageuka taratibu, akawatazama waombolezaji wote waliomzunguka, uso kwa uso, mstari kwa mstari, kama mtu anayejaribu kukumbuka sauti.

Nami nawauliza ninyi mliosimama ukingoni siku ile mkaita "Pembeni": ninyi mlikuwa hamjui?