Mnada wa Tandala

Tandala dume mwenye pembe ndefu alikuwa amekwisha kula nusu ya shamba la kunde la Mazoya. Ofisa wanyamapori akamwambia, "Ukimgusa bila kibali utafungwa. Na vibali vinauzwa kwa mnada, wanunuzi ni matajiri."

Mazoya akaazima koti, akaenda mnadani. Kila mara tajiri mmoja, Sembuli, alipotaja bei, Mazoya aliongeza.

Sembuli akamgeukia. "Huyo mnyama ana nini hasa?"

"Pembe zake nimeziona kwa karibu, bwana. Sitaki zitundikwe ukutani kwa mtu mwingine."

Sembuli akataja milioni mia moja. Mazoya akainamisha kichwa, akaomba angalau awe yeye wa kumwonyesha anakopita tandala. Kesho yake tandala akaanguka palepale penye kunde. Sembuli alichukua kichwa na pembe zake, akamwachia Mazoya nyama yote, akampa na pole kwa kushindwa.

Jioni Nyemo, mkewe, alikuwa akigeuza mishikaki motoni.

"Na yule bwana angenyamaza," aliuliza, "ungelipa nini?"

"Ndiyo maana nilisimama karibu na mlango," alisema Mazoya.