Kwa Nini Jani la Mleleshwa Ni Jeupe Upande wa Chini

Zamani, wajukuu zangu, jani la mleleshwa, kile kichaka cha huku kwetu, lilikuwa la kijani pande zote mbili, na kwenye miinuko yetu hii hapakuwa na nyumba yenye ua. Upepo uliingia hadi jikoni.

Huku ndiko alikoolewa Tapkigen, binti wa bonde la joto kule chini. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa kichomi msimu wa baridi. Alipopata mimba tena, aliapa kwamba huyu wa pili, upepo hautamchukua. Angeizungushia nyumba ua wa miti hai.

Akaleta minyaa kutoka kwao. Ikashika vizuri. Kisha ikaja jalidi, ule umande unaoganda, na asubuhi minyaa ilikuwa imelegea kama mboga iliyopikwa. Akajaribu miti mingine ya bondeni, nayo ikaungua kwa baridi.

"Mwanangu, acha," akasema Kobilo, mama mkwe wake. "Huku hakuoti ua."

"Mama, huku kunaota. Mimi ndiye ninayechagua vibaya."

Akangoja jalidi kali, akatoka asubuhi na tumbo lake kubwa, akapita kilimani akivunja vijiti vya kila kichaka. Vingi vilikatika vikavu. Majani ya mleleshwa yalikuwa yamesinyaa, lakini kijiti chake kilikuwa kibichi ndani. Akachimbua machipukizi na mizizi yake, akayapanda kuzunguka nyumba.

Jioni ile mawingu yalitoweka, dalili ya jalidi nyingine, na miche ilikuwa bado dhaifu. Tapkigen akatoa ngozi ya kondoo aliyolalia, akaanza kuinyonyoa sufu.

"Na wewe utalalia nini?" Kobilo akamfokea.

"Nitakaa karibu na moto. Miche haina moto."

Kobilo akaingia ndani, akatoka na ngozi yake mwenyewe, akaketi. Wakanyonyoa pamoja, wakalivika kila jani sufu upande wa chini, ili juu libaki huru kuota jua.

Kulipokucha, mlima wote ulikuwa mweupe kwa jalidi na mileleshwa imesimama. Wakajaribu kuiondoa ile sufu, haikubanduka; ilikwisha kuwa mwili mmoja na jani. Mtoto alizaliwa ndani ya ua ule, akaishi.

Na tangu siku hiyo, ukigeuza jani la mleleshwa utaliona chini jeupe, laini kama mgongo wa mwanakondoo. Na bibi harusi anayeletwa huku juu, mama mkwe humpeleka kilimani asubuhi ya jalidi, akamwacha avunje vijiti na kuchagua mwenyewe miti ya ua wake.