Mzee Aliyeimba Kwenye Wasifu

Wapendwa, tulieni kidogo. Kulikuwa na kijana mmoja, tumwite Anaeli, aliyefiwa na baba yake huko milimani kwenye mashamba ya kahawa. Alikuwa mtoto wa pekee, kwa hiyo ukoo ukampa kazi ya kuandaa wasifu wa marehemu. Jamani, kazi hiyo si ndogo. Unasimama mbele ya jeneza na kuwaambia watu huyu tunayemrudisha mavumbini alikuwa nani.

Anaeli alikuwa hoi. Wageni wanaingia, turubai halijafungwa. Akatoa simu, akafungua ile programu ya akili mnemba, akaandika: "Andika wasifu wa baba mwema, mkulima wa kahawa, mcha Mungu." Basi. Hakuongeza neno. Mara wasifu ukaja, mrefu na mtamu, naye akausoma vivyo hivyo.

Wasifu huo ulisema kwamba kila alfajiri mzee aliingia shambani akiimba, sauti yake ikashuka bondeni, majirani wakajua kumekucha.

Watu walilia! Shangazi yake akashika kifua. "Kaka yangu jamani! Sauti ile naisikia mpaka leo." Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Mama yake peke yake ndiye ambaye hakulia. Alimkodolea macho mwanawe kama mtu asiyemfahamu.

Walipotoka makaburini mama akamvuta pembeni. "Baba yako hakuwahi kuimba. Umesahau koo lake?"

Anaeli akakumbuka. Kweli, mzee aliugua koo ujanani, na tangu hapo alizungumza kwa kunong'ona.

"Yalikuwa maneno tu, mama."

"Maneno tu?"

Kesho yake jirani mmoja alikuja kutoa pole. Akasema, wala hakuonyesha wasiwasi wowote, "Mama Anaeli, leo alfajiri tumemsikia mzee. Anaimba kule chini kwenye migomba, kama alivyozoea."

Yule mama akaweka chini bakuli alilokuwa akiosha. "Nimemzika mume wangu," akasema taratibu, "na sasa kuna mgeni shambani kwangu."

Anaeli alikimbilia simu. Akaandika: "Ulikosea. Andika ukweli kuhusu baba yangu." Jibu likaja kwa upole: "Samahani. Nisaidie nimjue. Alipenda nini? Aliogopa nini? Alizoea kusema nini? Ukinieleza, nitaandika."

Akaanza: "Baba yangu alikuwa..." Vidole vikakwama. Alikuwa nini? Akafumba macho amtafute baba yake. Mtu akamjia, ndiyo, akitembea kati ya mibuni, uso haueleweki, mdomo wazi, anaimba.

Akaizima simu. Akaingia jikoni, akaketi chini karibu na mama yake.

"Mama, baba alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama alichochea moto. Akamtazama. "Leo ndio unauliza?"

Wapendwa, mnataka tuilaumu mashine? Iliombwa baba mwema, ikaleta baba mwema. Baba wa Anaeli haikuombwa kamwe! Nasi je? Tunapiga magoti tunasema, "Bwana, bariki familia yangu," lakini ni nani ndani ya nyumba yako anayelia bila wewe kujua? Unaomba amani, unaweza kutaja ugomvi wenyewe? Mungu anajua kabla hatujafungua kinywa, hilo naliamini. Ila sisi hatujui tunachomwomba, kwa sababu hatujawatazama tunaowaombea.

Ukitaka kuitumia mashine hiyo, itumie, mimi sikukatazi. Ila ieleze vizuri. Na ili uieleze, lazima kwanza uwe na cha kueleza. Kwa hiyo leo, tukitoka hapa, usianze na simu. Nenda kwa baba yako, kwa mke wako, kwa mtoto yule aliyenyamaza siku hizi. Keti. Uliza. Usikilize mpaka amalize. Uliza angali anaweza kujibu mwenyewe.